Moto Ine Haifanye Ekipe

Ku Kolwezi, mangaribi, pita mu avenue yoyote ya Manika ao ya Dilala. Fasi yenye courant iko, utakuta vijana watatu ao wane wamekaa ku ukuta wa duka, vichwa chini, telefone mu mikono. Wakubwa wanapita, wanatikisa kichwa: "Batoto ba leo, kazi yabo ni kuchezea telefone." Mimi pia nilikuwa nasema vile. Leo nataka kusema kitu kingine, na najua wababa wengine watakasirika.

Nilichimba miaka 9, ku Kasulo na fasi zingine, mpaka mugongo ukakataa. Sasa natengeneza matelefone ku meza moja karibu na soko. Kwa hiyo najua vitu viwili: shimo na telefone. Mwaka huu ile vitu viwili vilikutana mu nyumba yetu.

Mutoto wa yaya yangu iko na miaka 17. Baba yake angali anachimba, mama yake anauzisha unga. Siku moja mama alimupa dola 35 za minerval apeleke ku masomo. Hazikufika. Kijana alitafuta mutu mumoja mwenye karata ya benki, akamupa zote: dola 30 za kununua bahati mu muchezo wa telefone, dola 5 za kumushukuru yule mutu. Mu dakika mbili, ile dola 30 ikaisha. Alipata nini? Panga na pinde za bei ya chini, zenye ziko paka ku ekrani, pamoja na mupiganaji mumoja mwenye alikuwa naye tayari.

Siku walimufukuza mu darasa juu ya minerval, ukweli ukatokea. Yaya alitwaa nyundo, anataka kupasua telefone. Nikamuambia: "Yaya, uniachie ile telefone siku tatu. Nataka kuona kitu gani kilikula makuta yetu."

Nilikaa na kijana. Siku ya kwanza aliogopa. Siku ya pili alianza kunifundisha, na nikasahau kama nilikuja kumukaripia.

Muchezo unaitwa Genshin Impact. Kampuni miHoYo ya Shanghai, kule China, njo iliutosha mwezi wa 9 mwaka 2020. Kuuingiza mu telefone ni bure, unalipa paka mega, lakini mega ni mingi: unakula giga zaidi ya 20. Mu ule muchezo unatembea mu inchi kubwa, unapigana na wanyama na majitu. Haupigane na mutu mumoja. Unachagua ekipe ya watu wane, na kila mutu iko na nguvu moja kati ya nguvu saba: moto, maji, upepo, umeme, majani, barafu na mawe.

Sasa sikiliza, wewe mwenye kuchimba, juu hapa njo nilifungua macho. Ku wale wane, mumoja tu njo anasimama ku uwanja. Watatu hawaonekane. Lakini kazi yao haisimame. Kuko mwenye kuita panga za maji, anaondoka, na zile panga zinaendelea kumusaidia mwenye kubakia. Kuko mwenye kuweka duara ya moto chini: ukisimama ndani, kidonda kinapona na mukono unapata nguvu. Mwenye kupiga njo anapata sifa. Wenye kumupatia nguvu wako nyuma.

Na ile nguvu saba, kila moja peke yake ni kidogo. Nguvu inatoka wakati mbili zinakutana. Moto ukikuta maji, mvuke unatoka, na pigo linakuwa moja na nusu ao mara mbili, kufuatana na nani alitangulia. Maji ikikutana na barafu, adui anaganda, hawezi kusogea. Umeme na moto vinapasuka. Upepo unabeba nguvu yenye unakuta, unaipeleka ku maadui wote wenye wako karibu. Mawe inakupatia ngao. Lakini moto juu ya moto? Haizalishe kitu kipya. Ni moto tu.

Kijana yetu, ekipe yake ilikuwa namna gani? Amber, moto. Xiangling, moto. Bennett, moto. Yanfei, moto. Nikamuuliza: "Juu ya nini moto ine?" Akajibu: "Baba mudogo, moto njo inapiga nguvu." Mwezi muzima alishindwa mbele ya adui mumoja, ua kubwa lenye kutapika moto. Moto haiumize sana ule ua. Yeye akasema shida ni kukosa nyota, akataka kupata Hu Tao, mupiganaji wa nyota 5. Hu Tao naye, nguvu yake ni gani? Moto. Ile dola 35 ilienda kutafuta moto ya tano.

Wakati ule wote, mu sanduku yake kulikuwa watu wawili wenye hakuwatumia hata siku moja, juu muchezo uliwapana bure. Wa kwanza Barbara: iko na maji, na anaponyesha wenzake. Wa pili Kaeya: iko na barafu. Nikamuambia: "Toa Amber na Yanfei. Weka hawa." Akacheka. "Baba mudogo, bale ni ba bure." Nikamujibu: "Hata mama yako ni wa bure, na bila yeye haukule."

Ile usiku ua la moto lilianguka. Haikuwa haraka, tulirudilia mara ine. Maji ya Barbara ilivunja moyo wa ule ua, barafu ya Kaeya ikaongeza, Bennett akalinda maisha, Xiangling akamaliza. Hatukulipa hata franka moja.

Njo maana naandika. Watu wanasema ekipe ya muzani ni kuchukua kila nguvu moja moja. Hapana. Ekipe yetu ya mwisho ilibakia na watu wawili wa moto, na ilikuwa vizuri: muchezo unapatia wenye moto wawili kipimo cha 25% cha nguvu ya kupiga, tena wanalishana, juu mutu anapata nguvu nyingi zaidi ku mwenzake wa namna yake kuliko ku mutu wa nguvu ingine. Muzani ni kujiuliza maulizo ine mbele ya kuchagua watu. Nani atapiga? Nani atamuletea nguvu ingine yenye itakutana na yake? Nani atalinda maisha, kwa kuponyesha ao kwa ngao? Nani atahakikisha nguvu haimuishie mupigaji katikati ya vita? Mutu mumoja anaweza kujibu maulizo mawili, kama vile Bennett. Lakini ulizo moja likikosa jibu, ekipe itaanguka palepale, hata ukiwa na nyota mingapi.

Wenye kujua ule muchezo, inchi zote, wanajua ekipe moja yenye sifa: Xiangling, Xingqiu, Bennett, na Chongyun ao Sucrose. Wote ni wa nyota 4, hakuna hata mumoja wa nyota 5. Miaka na miaka ile ekipe imeshinda fasi zenye watu wenye kulipa sana walishindwa. Juu ya nini? Juu Xingqiu analeta maji, Xiangling analeta moto, Bennett anaponyesha na kuongeza nguvu, na wa ine anafunga shimo lenye lilibakia.

Sasa niwaambie kitu chenye sisemangi sana.

Mwaka moja, tulikuwa wane mu shimo. Wote wanaume wa nguvu. Tulikuwa tunalipwa kufuatana na mifuko, kwa hiyo kila mutu alitaka kushuka, kila mutu alitaka kupiga mwamba. Kubakia juu, kuangalia kamba, kusikiliza masini ya kutia hewa? Ile ilikuwa kazi ya mutoto, ao ya muzee. Hakuna mwenye aliikubali. Siku moja tulishuka wote wane. Juu, masini ikaishiwa na mafuta, ikanyamaza. Chini hatukusikia, juu nyundo zilikuwa zinalia. Mama mumoja, mwenye alikuwa anaokota mawe karibu, njo alisikia ule ukimya. Akaita watu. Watatu tulitoka kwa miguu yetu. Wa ine walimutosha na kamba, angali anapumua, lakini kichwa chake hakikurudi sawa mpaka leo. Hatumukose ku kazi juu ya uvivu. Tulimukosa juu wote wane tulikuwa moto.

Yule mama hakuwa mu ekipe yetu. Hakupata hata mufuko moja. Lakini kama unaniuliza ile siku nani alikuwa mwenye nguvu kupita wote, nitakuambia ni yeye.

Kwa hiyo wakati kijana alinionyesha watu wane ku ekrani, mumoja ku uwanja na watatu nyuma, mimi niliona shimo. Mumoja chini, wengine juu: wa kamba, wa hewa, wa kuangalia miti na maji yenye kuingia. Wa chini njo anatosha mawe, lakini wa juu njo wanamurudisha ku nyumba.

Na wakubwa wetu walijua ile maneno zamani. Ku Musumba, kule Kapanga, Mwant Yav hakaliye kiti peke yake. Kuko Rukonkesh, mwanamuke mwenye cheo chake, na kuko wakubwa wengine, kila mutu na nafasi yake. Mwenye cheo akikufa, cheo hakikufe: mwingine anaingia mu ile nafasi, anachukua na jina. Nafasi inatangulia, mutu anafuata. Kijana yetu alifanya kinyume: alitafuta mutu wa sifa kwanza, bila kujua nafasi gani iko wazi.

Wapenzi wa mupira nao wanajua. Mwezi wa 12 mwaka 2010, ku Abu Dhabi, Mazembe ilifunga Internacional ya Brazil 2-0, ikafika finale ya klabu za dunia. Tunakumbuka magoli, lakini tunakumbuka zaidi Kidiaba, golkipa, na ile dansi yake ya kukaa chini. Je, kuko kocha mwenye angetosha Kidiaba aweke mushambuliaji wa tano?

Sasa tuzungumuze makuta, juu njo yalileta kilio mu nyumba yetu.

Bahati mu ule muchezo inauzishwa kwa vijiwe vyenye vinaitwa primogemu. Vijiwe 160 vinakupatia ombi moja, ni kusema kutia mukono mu tombola mara moja. Ku kila ombi, bahati ya kupata mupiganaji wa nyota 5 ni 0.6%. Hii ni 6 ku 1000. Bahati ikikataa, ombi la 90 linakupatia nyota 5 kwa lazima. Lakini anaweza kuwa mwingine, hapana mwenye ulitaka. Hapo unaanza tena, na unaweza kufika ku maombi 180 mbele ya kumupata. Dola 100 zinanunua vijiwe 8,080, ni maombi 50 tu. Fanya hesabu: maombi 180 ni zaidi ya dola 350. Mama, unga mifuko mingapi? Baba, siku ngapi chini ya udongo? Dola 30 ya kijana yetu ilinunua maombi 14. Alienda kupigana na hesabu yenye iliisha kuandikwa mbele ya yeye kufika.

Najua wachimbaji watanijibu: "Na siye? Shimo pia ni bahati." Ni kweli. Wengi kati yetu tulichimba miezi kwa deni, tukingoja mushipa wa mawe wenye haukutokea. Sitawatukana vijana kwa ugonjwa wenye walirisi kwetu. Lakini kuko tofauti. Udongo haujue jina yako. Hakuna mutu alikaa mu ofisi akapanga mawe yako itokee ku mara ya 90. Mu muchezo, mwenye tombola alipanga kila kitu, na yeye hapoteze hata siku moja.

Na hapana mimi tu njo nasema. Ubelgiji, mwaka 2018, tume yao ya michezo ya bahati ilisema sanduku za bahati zenye kulipiwa mu michezo ya video zinavunja sheria. Marekani, mwezi wa 1 mwaka 2025, tume ya biashara, FTC, ilitangaza mapatano na wenye kuuzisha Genshin Impact kule: walipe dola milioni 20, na wasiuzishe tena ile tombola kwa watoto chini ya miaka 16 bila ruhusa ya wazazi. Kule serikali imesimama mbele ya mutoto. Huku kwetu, serikali ya kwanza ya mutoto ni wewe, baba na mama.

Watu wengine watasema: basi, yaya alikuwa na haki, tupasue telefone. Hapa ninakataa. Ukipasua, kijana atacheza ku telefone ya rafiki, na siku ingine hautajua deni gani alifanya. Tena, ile kitu chenye anajifunza, kama anajifunza vizuri, ni kitu chenye tunakosa ku kazi yetu: kupanga watu kufuatana na nafasi, kuheshimu mwenye haonekane, kujua nguvu yako inashindwa wapi. Na kuko njia ya kucheza bila kulipa. Kazi ndogo za kila siku mu muchezo zinapana vijiwe 60 bure. Mu siku tatu umepata ombi moja na kitu kimebakia. Mwenye uvumilivu anajenga ekipe yake polepole.

Sitadanganya pia upande wa vijana. Wapiganaji wa nyota 5 wengi wana nguvu kweli. Hu Tao si bure. Lakini weka Hu Tao na moto zingine tatu, atakufa mbele ya lile ua kama wengine. Muweke na mwenye maji na mwenye kumulinda, atang'aa. Ni kusema hata yule mwenye bei kali anaomba watu wa bei ya chini. Na kama wale wa chini unao tayari, juu ya nini unakimbilia kununua yule wa juu na feza ya minerval?

Tufikiri tena kidogo. Mu batri ya telefone mingi kuko kobalti, na kobalti ya dunia, zaidi ya nusu inatoka hapa Kongo, zaidi sana mu udongo wa Lualaba. Baba anaitosha chini, inaenda China, inarudia huku ikiwa telefone. Ndani ya telefone kuko muchezo wa China, wenye unaomba mutoto arudishe makuta ya baba kulekule. Mwezi wa 2 mwaka 2025, wakati serikali ilisimamisha kutosha kobalti inje ya inchi, nyumba nyingi zilijua njaa. Mu wakati kama ule, dola 30 hazina ruhusa ya kutoka mu nyumba kwa kutafuta moto ya tano.

Basi naomba vitu viwili. Wazazi, siku moja tu, mukae karibu na mutoto, mumuulize: "Unionyeshe ekipe yako. Nani anapiga, nani analinda?" Utajua mutoto wako zaidi kuliko kwa nyundo. Na uulize pia: "Umelipa ngapi?" Uliza kwa sauti ya polepole, atajibu. Vijana, mbele ya kutafuta nyota, fungua sanduku, angalia wale wa bure. Ulizo lenye halina jibu mu ekipe yako, labda jibu lake liko pale, linangoja tangu siku ya kwanza.

Kijana yetu alirudia ku masomo. Dola 35 anazilipa: kila mangaribi anakaa ku meza yangu, anafungua matelefone, anatosha vumbi, na nahesabia kila telefone ku deni yake. Yaya alirudisha nyundo ku mugodi. Juzi nilimukuta anabishana na wenzake wa shimo juu ya nani atabakia juu ku kamba. Wote walikuwa wanakataa. Yaya akasema: "Leo ni mimi. Kesho ni weye. Moto ine haifanye ekipe."

Hawakuelewa anasema juu ya nini. Lakini ile siku, mutu mumoja alibakia juu.